Siku Nne Osaka: Mwongozo kwa Msafiri Anayetoka Mombasa

Mwenye siku nne tu za Japani na azimalize Osaka. Wengi wanaotoka huku Pwani huandika ratiba ya Tokyo siku mbili, Osaka moja na Kyoto moja, na mwishowe zote nne zinaishia stesheni, mabegi mkononi. Shinkansen, ile treni ya mwendo kasi, hutoka Shin-Osaka hadi Tokyo kwa kama saa mbili na nusu, na nauli ya kwenda tu inakaribia yeni 14,000. Ongeza kufunga mizigo, kutoka hotelini, kutafuta jukwaa na kuingia hoteli nyingine: nusu siku imekwenda. Osaka ni mji wa bandari na biashara, wenyeji wake wanasifika kwa kupenda kula na kuongea, na Kyoto, Kobe na Nara zote zinafikika kwa treni ya kawaida bila kumaliza saa moja. Mtu aliyezoea Marikiti na Kongowea atauelewa upesi.

Viza kwanza

Mkenya anahitaji viza, na ubalozi wa Japani uko Nairobi. Maombi hujazwa kwa fomu yenye picha, pamoja na pasipoti, nafasi ya ndege uliyoshikiwa, hoteli, taarifa ya benki, barua ya kazi au karatasi za biashara yako, na ratiba ya safari siku kwa siku. Hiyo ratiba ndiyo inayoangusha watu. Utakuta ndege inatua tarehe 10, hoteli imeshikwa kuanzia tarehe 11, na ratiba inasema usiku wa tarehe 10 mtu yuko Kyoto. Afisa hana njia ya kujua kuwa ulikosea kuandika. Anachokiona ni safari isiyoeleweka. Kaa na karatasi zote tatu mezani kwa pamoja, uzilinganishe usiku kwa usiku.

Usilipe tiketi isiyorudishwa pesa kabla viza haijatoka. Karatasi zikiwa sawa, kazi huchukua kama siku tano za kazi, lakini wakitaka maelezo zaidi inaweza kwenda wiki kadhaa. Ukikataliwa, huwezi kuomba tena kwa sababu ileile mpaka ipite miezi sita, kwa hiyo ni bora uchelewe wiki moja ukusanye kila kitu kuliko kuwahi na pengo. Viza ya kuingia mara moja hudumu miezi mitatu tangu itolewe. Usiichukue mapema mno.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Kenya. Utabadilisha Addis Ababa, Dubai au Doha. Tafuta tiketi inayotua uwanja wa Kansai (KIX), sio Narita wala Haneda, ambazo ziko upande wa Tokyo.

Kuhusu majira: mwisho wa Machi hadi mapema Aprili maua ya misakura huchanua na bei za hoteli hupanda. Mwisho wa Aprili hadi tarehe 5 Mei Wajapani wenyewe wako likizo, treni zimejaa. Iepuke wiki hiyo. Juni ni mvua. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35 bila upepo wa bahari wa kukupoza, na hata aliyelelewa Mombasa atalalamika. Septemba ni msimu wa tufani. Mwaka 2018 tufani moja iliufurikisha uwanja wa Kansai, uliojengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa, na meli ikaligonga daraja lake. Novemba ndio mwezi bora: mkavu, baridi ya kuvumilika kwa sweta na koti jepesi. Januari asubuhi huwa nyuzi tatu au nne, na kikoi hakitakusaidia.

Vya kubeba na vya kuacha

Usibebe nyama ya aina yoyote, hata iliyopikwa. Sambusa za nyama alizokufungia mama zitachukuliwa forodhani, na kutozitaja ni kosa. Embe na matunda mengine mabichi ya kwetu hayaingii, kwa kuogopa nzi wa matunda. Miraa usiiguse kabisa kwenye safari hii. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine nyingi na dawa za kikohozi zenye codeine zina masharti makali. Soma pakiti kabla hujaitia begini.

Umeme wa Japani ni volti 100, na soketi zao zina matundu mawili bapa. Plagi yetu ya miguu mitatu haiingii. Nunua adapta Mombasa, maana adapta inayoshika plagi ya Kenya si rahisi kuipata kule usiku unapotua. Chaja za simu na kompyuta hukubali volti 100 hadi 240, imeandikwa kwenye chaja yenyewe. Pasi na mashine ya nywele ya kutoka nyumbani zitapata moto wa uvuguvugu tu, ziache.

Kinyume chake ni hatari zaidi: jiko la wali la umeme lililonunuliwa Osaka kwa matumizi ya Wajapani, ukilichomeka Mombasa kwenye volti 240, litaungua siku hiyohiyo. Kwenye maduka ya umeme ya Nipponbashi kuna yanayouza vifaa vya wageni. Geuza kifaa chini usome: kama hakikuandikwa 220–240V, kiache hata kama bei inakuvuta.

Pesa: hesabu yeni moja kama shilingi moja pungufu kidogo, kisha angalia bei ya siku. Shilingi ya Kenya hutaibadilisha kule. Beba dola kiasi, na kadi ya benki ya Visa au Mastercard uliyoiambia benki yako kuwa inasafiri. ATM zilizomo ndani ya maduka ya 7-Eleven na za posta hukubali kadi za nje. M-Pesa haikufikishi popote kaunta.

Saa yetu na saa yao

Japani iko mbele yetu kwa saa sita, na hapa Mswahili ana bahati ambayo wageni wengine hawana. Tazama saa ya Osaka kwa hesabu ya kumi na mbili: namba unayoiona ndiyo saa ya Kiswahili nyumbani. Osaka ikisoma 8:00 usiku, Mombasa ni saa nane mchana. Osaka ikisoma 7:00 asubuhi, Mombasa ni saa saba usiku, usipige simu. Huhitaji kutoa wala kujumlisha.

Lakini ratiba za treni huandikwa kwa saa 24. Treni ya 19:05 ni saa moja na dakika tano usiku kwa Kiswahili, nayo huondoka dakika hiyo. Ukipanga na mwenzako, taja namba iliyoandikwa ubaoni. "Saa moja" yako na "saa moja" ya mwingine zimeshaachisha watu ndege.

Kutua na kufika mjini

Jaza fomu ya uhamiaji na forodha kwenye tovuti ya Visit Japan Web kabla ya kuondoka, upige picha ya skrini ya ule msimbo wa mraba (QR) unaopewa. Intaneti ya uwanjani si ya kutegemea ukiwa kwenye foleni. Utawekwa alama za vidole vya shahada vyote viwili na kupigwa picha. Pasipoti baada ya hapo itembee nawe kila siku, mfukoni. Ni sheria kwa mgeni wa muda mfupi, na polisi anaweza kukuomba barabarani.

Kabla ya kupanda treni, nunua kadi ya nauli ya ICOCA kwenye mashine za JR, kampuni kubwa ya reli ya Japani, hapo stesheni. Ni yeni 2,000 taslimu: 1,500 za kutumia na 500 za amana. Unaigusisha getini ukiingia, unaigusisha ukitoka, nayo inakata nauli yenyewe. Inalipia pia mabasi, maduka madogo na mashine za vinywaji. Salio likipungua, geti litajifunga mbele yako na kupiga kelele. Usione haya na usiruke. Rudi hatua mbili, tafuta mashine ya kulipia nauli pungufu iliyoko kando ya mageti, ingiza kadi, weka noti ya 1,000, toka.

Lala mtaa unaoitwa Namba (ni jina la mahali, si namba ya kuhesabu). Treni ya Nankai inakwenda moja kwa moja kutoka uwanjani hadi Namba kwa kama dakika 45, na nauli ni karibu yeni 1,000. Ile ya buluu yenye uso kama kofia ya chuma, Rapi:t, inawahi dakika chache tu na inadai nyongeza ya kiti, haina haja. JR nayo ina treni zake, lakini kuna mtego wakati wa kurudi. Treni ya JR ya uwanja wa ndege huondoka mjini ikiwa na mabehewa manane, na ikifika stesheni ya Hineno hukatwa vipande viwili. Behewa la 1 hadi la 4 linakwenda uwanjani. La 5 hadi la 8 linakwenda Wakayama, mji mwingine kabisa. Aliyelala behewa la nyuma huamka Wakayama na ndege imeruka. Ukipanda Nankai kutoka Namba, jambo hili halikuhusu.

Ndani ya mji, jifunze njia moja tu ya metro: Midosuji, nyekundu, inayopita katikati ya Osaka kutoka kaskazini hadi kusini tangu 1933. Kila stesheni ina namba. Shin-Osaka ni M13, Umeda M16, Namba M20, Tennoji M23. Hizo tarakimu zikipanda unakwenda kusini, zikishuka unakwenda kaskazini. Huhitaji kusoma herufi hata moja. Nauli za metro zinaanzia yeni 190. Kwenye jukwaa, ukiona alama za waridi sakafuni, hapo husimama behewa la wanawake. Mwanamume asogee mlango mwingine. Kwenye ngazi ya umeme watu wa Osaka husimama kulia, tofauti na Tokyo wanaosimama kushoto. Simu haipokelewi ndani ya treni.

Umeda ndipo wageni hupotea. Pale kuna Osaka ya JR, Umeda ya metro, Higashi-Umeda, Nishi-Umeda, na mbili zinazoitwa Osaka-Umeda za makampuni mengine, zote zimeunganishwa chini ya ardhi kwa njia zinazopindapinda. Mkiahidiana "tukutane Umeda", kila mmoja atasimama stesheni yake. Ahidianeni kwa jina kamili na namba ya mlango wa kutokea. Na popote ulipo, chagua namba ya mlango ukiwa bado chini, kwa kusoma ubao wa manjano. Ukitokea mlango usio wako, unaweza kujikuta ng'ambo ya barabara ya njia nane.

Magari kule yanapita kushoto kama kwetu, kwa hiyo jicho lako limeshazoea. Jihadhari na baiskeli. Zinapanda njia ya waenda kwa miguu, kimyakimya.

Chakula

Pweza ndiye fahari ya Osaka. Takoyaki ni vipande vya pweza ndani ya uji wa ngano, vinavyogeuzwa kwa sindano kwenye chuma chenye vishimo, kama vitumbua. Mpishi hujaza uji mpaka umwagike, hutia pweza, hungoja ukingo ushike, kisha kwa mzunguko mmoja wa mkono huuviringisha na kuingiza mabaki ndani. Nje hukauka, ndani hubaki uji wa moto mkali. Toboa kwanza, ngoja dakika moja. Anayeiingiza nzima mdomoni huungua ulimi na hasikii ladha siku mbili.

Kwa asiyekula nguruwe wala pombe, hatari haiko kwenye nyama inayoonekana. Iko kwenye supu na sosi. Rameni nyingi (tambi za supu) huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe hata kama juu umewekewa kuku. Okonomiyaki, ile chapati nene ya kabichi, kwa kawaida hupangwa vipande vya nguruwe juu, na chuma kinachoipika ni hichohicho cha wateja wote. Udon ya Osaka, tambi nene za ngano, ina mchuzi mwepesi wa mwani na samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa, mtamu sana, lakini mara nyingi hutiwa mirin, pombe tamu ya kupikia. Kitsune udon, yenye kipande cha tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) ya kukaanga juu, haina nyama, ila mirin inaweza kuwemo. Kila mtu na kiwango chake. Muhimu ni kujua unachokiuliza.

Zihifadhi alama hizi kwenye simu, uzilinganishe na pakiti:

豚 – nguruwe
酒 – pombe
みりん – mirin
ラード – mafuta ya nguruwe
ゼラチン – jelatini
鮭 – samaki wa salmon

Mbili kati ya hizo huleta utata wa kusikia: samaki na pombe vyote huweza kutamkwa "sake". Muuzaji akisema wali huu ni wa sake, tazama herufi kabla hujaukimbia.

Kuuliza ni rahisi kuliko unavyodhani. Kijapani kina irabu tano, a, e, i, o, u, na silabi zao karibu zote huishia na irabu. Kikiandikwa kwa herufi za kwetu, kisome kama Kiswahili, utaeleweka. "Butaniku wa haitte imasu ka?" ni kuuliza kama ndani mna nyama ya nguruwe. Jibu "haitte imasu" ni imo. "Haitte imasen" ni haimo. Sikiliza mwisho wa neno. Anza na "sumimasen", samahani, maana bila hiyo ni sawa na kwetu kuingia dukani bila kuamkia. Irabu iliyovutwa ivute: obasan ni shangazi, obaasan ni bibi, na mwanamke wa makamo hatafurahi ukivuta.

Migahawa midogo ina mashine mlangoni. Weka pesa kwanza, ndipo vitufe viwake; bonyeza picha, chukua tiketi na chenji, mpe mpishi. Baadhi ya mashine za zamani hukataa noti mpya zilizotoka Julai 2024, kwa hiyo beba sarafu. Hakuna kumwachia mhudumu pesa ya ziada. Atakukimbilia barabarani akurudishie.

Onigiri, wali uliofungwa pembetatu kwa mwani, ndicho chakula cha haraka cha bei nafuu. Karatasi yake ina namba 1, 2, 3. Vuta utepe wa 1 kutoka juu katikati mpaka uzunguke nyuma, kisha kona ya 2, kisha ya 3. Ukianza na kona, mwani unabaki kwenye plastiki na wali mkononi.

Sala na choo

Mombasa kibla ni kaskazini karibu sawasawa; Osaka ni magharibi, ukielekea kidogo kaskazini. Mwenye kusali kwa mazoea ya mwili atakosea, kwa hiyo tumia dira. Nyakati nazo hubadilika sana: Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, Desemba Magharibi inaingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Uwanja wa Kansai una vyumba vya sala.

Choo kitakufurahisha, kwa kuwa maji yapo. Kwenye kiti au ukutani kuna vitufe. おしり ni maji ya nyuma, ビデ ni ya mbele kwa wanawake, 弱 hupunguza nguvu, 止 husimamisha. Punguza nguvu kwanza kabla ya kufungulia, na usisimame kabla ya kubonyeza 止, la sivyo maji yatarukia mlango. Karatasi hutupwa humohumo chooni. Beba leso, vyoo vingi vya umma havina cha kufutia mikono.

Mapipa ya taka barabarani ni machache mno, kwa hiyo taka yako utaibeba mpaka hotelini. Mifuko ya plastiki ya kule iachie kule; Kenya ni marufuku tangu 2017.

Siku zenyewe

Siku ya kutua usipange kitu. Hoteli nyingi hazikupi chumba kabla ya saa tisa alasiri, ila zitakutunzia begi. Tembea mtaa wa Dotonbori usiku, kula, lala.

Siku ya pili nenda ngome ya Osaka asubuhi. Mnara unaouona ni wa zege wa 1931. Kilichobaki cha kale na cha kustaajabisha ni kuta za mawe. Mchana rudi Namba, kwenye uchochoro wa Doguyasuji wanakouza vyombo vya wapishi. Visu vya mji jirani wa Sakai ni vya kudumu miaka. Kisu kiende begi la chini, kamwe si la mkononi. Soko la Kuromon liko karibu, lakini bei zake siku hizi ni za watalii.

Siku ya tatu ikiwa Ijumaa, nenda Kobe. Treni ya JR kutoka Osaka hadi Sannomiya ni kama dakika 20 hadi 25, na msikiti ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Ulifunguliwa 1935, wa kwanza Japani, ukasimama wakati mabomu ya 1945 yalipouteketeza mji, na tena tetemeko la 1995. Mitaa ya kando yake ina maduka na migahawa ya halali, na hapo utakula bila kuuliza maswali. Kama si Ijumaa, Kyoto iko nusu saa. Hekalu la Fushimi Inari halina kiingilio na halifungwi, ila stesheni ya Inari inasimamiwa na treni za polepole tu. Ukipanda ya haraka utaiona ikipita dirishani. Fika kabla ya saa mbili asubuhi.

Siku ya mwisho, ukiwa na saa mbili za kuvuta, shuka stesheni ya Osakako kwenye njia ya metro iitwayo Chuo, tembea hadi Tempozan. Hapo kuna kivuko cha manispaa kwenda Sakurajima, bure kwa mtu na baiskeli yake, kama Likoni. Mji una vivuko vinane vya namna hiyo. Mashua ni ndogo, huondoka kama kila nusu saa, na wanaopanda ni wafanyakazi na kina mama na vikapu vyao. Hakuna kupigana vikumbo. Rudi kwa mashua inayofuata, chukua begi hotelini, na uwe Kansai saa tatu kabla ya ndege. Kadi yako ya ICOCA irudishe kwenye ofisi ya JR uwanjani upate zile 500, au itunze. Ukiitumia tena ndani ya miaka kumi itafanya kazi.